Sikio Langu Si Mali ya Umma

Mwanza ukisema goti linauma, unapewa pole na kiti. Ukisema jino, unapewa pole na karafuu. Lakini thubutu kusema sikio lako linagonga tk, tk kila unapomeza mate. Pole husikii. Unachosikia ni, "Hebu geuka nione," na anayesema hivyo ameshachomoa njiti ya kiberiti.

Langu ni la kushoto. Nikimeza mate, tk. Nikipiga miayo, tk-tk. Nikipanda yale mawe tunayoyaita ngazi kwenda nyumbani kwangu mlimani, sikio linaziba, sauti yangu inanirudia ndani ya kichwa, halafu ghafla linazibuka kwa kishindo ninachokisikia mimi peke yangu. Usaha hakuna, maumivu hakuna. Ni kelele tu, tena kelele zisizo na mpangilio. Huwezi hata kuzichezea.

Nikafanya anachofanya mtu yeyote mwenye akili timamu: nikalalamika kijiweni.

Kijiwe chetu kipo Kirumba, karibu na njia ya kwenda Mwaloni, harufu ya dagaa ni ya bure. Wajumbe wake ni vijana wa bodaboda, fundi redio, muuza kahawa, na mwalimu mstaafu wa historia ambaye kazi yake ya sasa ni kusubiri mtu apate tatizo ili alitafutie mwaka. Kahawa yangu haijapoa, nimeshaletewa unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu, ufunguo wa pikipiki, na waya wa shaba ambao fundi redio aliupuliza kwanza, kwa ajili ya usafi.

Maelezo nayo hayakuchelewa. Wa kwanza akasema sikio likilia, ujue unasengenywa. Kwa hesabu hiyo mimi nasengenywa kila ninapomeza tonge la ugali, na wasengenyaji wangu wana nidhamu ya ajabu, maana nikiacha kula na wao wanapumzika. Wa pili akasema ni presha. Mwanza kila kitu ni presha, hata kuku akizubaa. Wa tatu akasema ni mdudu: yale mawingu ya wadudu yanayoinuka kutoka ziwani, yakaja kugandana kwenye taa zetu, mmoja wao kaona taa zimejaa, kahamia kwangu.

Nyumbani hali haikuwa bora. Mama Kulwa hakuamini mpaka asikie mwenyewe. Akaniweka barazani, akalaza sikio lake juu ya langu, akaniamuru nimeze mate. Nikameza. Akasema hasikii. Nikameza tena. Watoto wa jirani wakaacha mpira wao wakaja kutazama watu wazima wawili walioshikana vichwa mchana kweupe. Mwisho akatoa hukumu: hakuna kinacholia humo, ni umri.

Halafu akampigia mama yake, Misungwi. Mila haziniruhusu kuzoeana na mama mkwe, sembuse kujadiliana naye tundu za mwili wangu, kwa hiyo simu iliwekwa spika mezani, nami nikaketi pembeni nikiwa sipo. "Mwambie mume wako akamue maji ya kitunguu." "Anasema hataki, mama." "Mwambie basi apashe mafuta ya samaki." "Anatikisa kichwa, mama." "Kama anaweza kukitikisa, hajaumwa." Simu ikakatwa.

Kesho yake mwalimu akaniita. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, Baba Kulwa. Keti. Tatizo lako nimelipata. Ni la mwaka 1858."

Naomba msomaji avumilie, kwa sababu kisa hiki ni cha kweli, na mhusika alikieleza mwenyewe kwa maandishi. Machi 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alikuwa amelala hemani kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Tanganyika. Usiku dhoruba ikalivuruga hema. Ilipotulia akawasha mshumaa apange vitu vyake, na mwanga ukawaita mbawakawa, wadogo, weusi, kundi zima. Akachoka kuwafukuza, akalala nao hivyo hivyo. Mmoja akaliona tundu la sikio, akaingia, akaanza kuchimba kuelekea kwenye ngoma. Speke akayeyusha siagi akaimimina. Mdudu hakujali. Hapo ndipo bwana yule akachukua kisu cha mfukoni.

Kijiwe kizima kikaguna.

Mdudu alikufa, lakini sikio lilijeruhiwa kuliko mdudu. Likatunga usaha, uso ukapinda, majipu yakashuka kutoka sikioni hadi begani. Siku kadhaa hakuweza kutafuna, akawa anaishi kwa mchuzi. Kwa miezi kadhaa sikio lile halikusikia kitu cha maana. Na kila alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi, wazi kabisa, hata waliokuwa karibu naye wakacheka. Baada ya miezi sita au saba, vipande vya mbawakawa vilikuwa bado vinatoka pamoja na nta: mara mguu, mara bawa.

"Sasa piga hesabu," mwalimu akasema, kidole juu. Tarehe 3 Agosti 1858, Speke alifika hapa kwetu, karibu na Mwanza, akiwa amemwacha mwenzake Burton anaugua Tabora. Akasimama kilimani akaliona ziwa ambalo babu zetu walikuwa wakivua humo kila siku, akalipa jina la malkia wake. Kutoka Machi hadi Agosti ni miezi mitano. Vipande vilikuwa bado vinatoka baada ya miezi sita, saba. Maana yake siku ile ya kihistoria mbawakawa wa Ziwa Tanganyika alikuwa bado sikioni. Na kwa kuwa Speke alikuwa pia na ugonjwa wa macho, Ziwa Tanganyika alilifikia haoni vizuri, hili letu akalifikia hasikii vizuri. Leo upande wetu huu wa ziwa kuna Ghuba ya Speke, ipo kwenye ramani. Mbawakawa hakupewa hata mwalo.

Nikafurahi. Nikasema moyoni, hatimaye mtu mmoja mwenye elimu amewafundisha hawa kwamba sikio si la kuchokolewa. Mwalimu akapumua, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema: "Shida ya Speke ilikuwa kifaa. Angekuwa na koleo ndogo, angefanikiwa." Akaingiza mkono mfukoni.

Nikaondoka kwa miguu ya haraka, nikaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Alikuwa binti kijana, mpole, mwenye kile kitochi cha kuchungulia. Swali lake la kwanza: "Baba, umetia nini humu?" Nikasema sijatia kitu. Akasema, "Wote husema hivyo." Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akanitaka nimeze mate, akaweka vidole mbele ya sikio nikafungua na kufunga mdomo. Halafu akaketi akanieleza, na maelezo yake yote yalianzia kwenye mluzi wa Speke, ingawa nilipomtajia Speke alidhani ni mgonjwa mwenzangu.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Humo ndimo vinapokaa vile vifupa vitatu tulivyokariri shuleni: nyundo, fuawe na kikuku, utadhani mtaa wa Makoroboi, na mafundi wake wa bati, umehamishiwa kichwani. Chumba hicho kina njia moja tu ya kuingizia hewa, mrija unaotokea nyuma ya pua, kwa mtu mzima urefu wake kama sentimita tatu na nusu. Kwa kawaida umefumba. Ukimeza au ukipiga miayo, misuli ya kaakaa inauvuta, unafunguka kwa kitambo kidogo, hewa inapita, nao ute uliogandamana unaachana: tk. Sauti hiyo kila mtu anayo. Wengi hawana muda wa kuisikiliza.

Ndiyo maana Speke alipopenga kamasi hewa ilipanda mrija, ikaingia kwenye chumba, ikakuta ngoma ina tundu, ikatoka nje kwa mluzi. Sikio na pua ni majirani wa ukuta mmoja, na kijiweni hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari ya pua yangu.

Pua yangu ndiyo yenye kesi. Nilisafiri kwa ndege kwenda Dar nikiwa na mafua, kwa sababu harusi haisubiri mafua ya mjomba. Angani, hewa ndani ya ndege huwekwa katika kiwango cha mtu aliyesimama juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndege ikishuka, hewa ya nje ya ngoma inazidi nguvu ile ya ndani, ngoma inasukumwa, na mrija unatakiwa ufunguke ili kusawazisha. Mrija wenye mafua umevimba, haufunguki. Ziwa letu lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ndege ikitua Mwanza umeshuka nusu ya safari tu. Ikitua Dar umeshuka mpaka chini kabisa. Kwa maneno mengine, Dar es Salaam inaumiza masikio kuliko Mwanza, jambo ambalo sisi tulilijua hata kabla ya ndege.

Wanaosafiri kwa basi wasijione wamesalimika. Waulize waliopita Mlima Sekenke, kati ya Singida na Nzega, basi likishuka zile kona. Abiria wote wanafungua midomo, na konda anadhani wanataka kulalamika.

Basi mrija ukikaa umevimba baada ya safari, baada ya mafua, au kwa mzio na vumbi letu la kiangazi, ile hewa iliyobaki chumbani inanyonywa na kuta taratibu, ngoma inavutwa ndani, sikio linaziba. Ukimeza, mrija unafunguka kwa shida, na ule mlio mdogo unakuwa kishindo. Wakati mwingine hata majimaji yanajikusanya humo yakawa yanatokota. Kwa watoto mrija ni mfupi na umelala zaidi, ndiyo maana Kulwa na Doto kila wakipata mafua wanaishia kushika masikio.

Nikauliza dawa. Hapa ndipo nilipoanza kunung'unika upya, maana hakuna dawa inayojaza mkono. Meza mate. Tafuna kitu. Piga miayo. Ziba pua, funga mdomo, puliza kwa upole mpaka usikie sikio linafunguka. Kwa upole, akarudia, si kwa kushindana na mtu, na si pale pua imejaa kamasi nzito. Safisha pua kwa maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapozwa. Kama ni mzio, kuna dawa ya kupuliza puani ambayo hufanya kazi ukiitumia kila siku kwa wiki kadhaa, si ukiipuliza mara moja ukaitupa kabatini. Zile za kuzibua pua upesi zisipite siku chache, la sivyo pua inazizoea na kuziba zaidi. Na usiwe na haraka, mara nyingi mambo haya huisha yenyewe kwa wiki chache.

Ile namna ya kuziba pua na kupuliza inaitwa Valsalva, kwa jina la Antonio Valsalva, Mtaliano aliyeieleza mwaka 1704. Mrija wenyewe una jina la Bartolomeo Eustachi, Mtaliano mwingine, wa karne ya 16. Kwa hiyo ndani ya sikio la Msukuma aliyezaliwa Magu kuna Waitaliano wawili, na hakuna hata mmoja aliyenisalimia.

Daktari aliendelea, kwa kuwa nilikuwa nimelipia. Si kila tk ni ya mrija. Nta ikigusa ngoma nayo hukwaruza kila unapotafuna. Nta si uchafu. Inalinda, na hutoka yenyewe taratibu, ngozi ikiisogeza na taya ikisaidia. Adui yake ni pamba za masikio, ambazo huishindilia ndani mpaka iwe kizibo, kisha unaenda kuogelea ziwani, kizibo kinavimba, unakuwa kiziwi Jumapili nzima. Kizibo hulainishwa kwa matone ya mafuta kwa siku kadhaa, na kikigoma huoshwa na mtaalamu kwa maji ya joto la mwili. Maji ya baridi humfanya mtu aone nyumba inazunguka. Lakini ngoma yenye tundu, au sikio linalotoa usaha, halitiwi kitu mpaka lionwe. Hata mdudu akiingia, ushauri ni kuinamisha kichwa upande na kumzamisha kwa mafuta kidogo, kisha kwenda akatolewe. Speke na siagi yake alikuwa kwenye njia sahihi. Kilichomponza ni kile kisu.

Taya nayo ina kesi yake. Kiungo cha taya kipo mbele kidogo tu ya sikio, na kikigonga unaapa ni sikio. "Baba, unatafuna nini?" Nikasema michembe. Akanitazama. Yeyote aliyewahi kutafuna michembe mibichi, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa na jua la Usukumani mpaka vikasahau kwamba viliwahi kuwa chakula, anajua kwamba ile si kula, ni ajira. Mwenye taya inayogonga huambiwa ale vilaini, akande kwa kitambaa cha joto, asiachame kwa miayo mikubwa, na amwone daktari wa meno. Yaani mwenye mrija anaambiwa apige miayo, mwenye taya anaambiwa asipige. Muulize Mungu sababu ya kuviweka vitu hivi viwili karibu karibu hivi.

Halafu ipo misuli midogo ya sikioni na ya kaakaa, ambayo hushikwa na kifafa chake kidogo ikatetemeka: tk-tk-tk-tk, mfululizo, bila wewe kumeza chochote. Hiyo ya kaakaa wakati mwingine mtu mwingine anaweza kuisikia akisogeza sikio lake. Hii sikumwambia Mama Kulwa. Angesema alikuwa anafanya kipimo.

Kinacholia mfululizo kwa sauti nyembamba ni habari nyingine. Wazee waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaijua filimbi ile. Kinachodunda sambamba na mapigo ya moyo nacho hupelekwa hospitali, na hapo yule wa presha kijiweni angalau apewe alama zake. Vivyo hivyo usaha, damu, homa, kizunguzungu, uso kulegea upande mmoja. Na sikio likiacha kusikia ghafla, si la kusubiri mwisho wa mwezi. Ni la siku hiyo hiyo, maana kila siku inayopita hupunguza nafasi ya kulirudisha. Kitu cha ajabu ni kwamba hayo ndiyo tunayoyavumilia. Mtu anatoka usaha mwaka mzima, anaziba kwa pamba, anaenda kazini. Mwenye tk isiyo na madhara ndiye anayeletewa waya wa shaba.

Mimi ni wa mrija. Ya kwangu ni kusafisha pua na kungoja.

Nikarudi kijiweni na habari njema. "Umepewa nini?" wakauliza. Nikasema nimeambiwa nisafishe pua, nimeze mate, na nisiguse sikio. Kimya. Muuza kahawa akaweka birika chini. Kijana wa bodaboda akauliza nimelipa kiasi gani, nikataja, akasema, "Hela yote hiyo, Baba Kulwa, kwa mate yako mwenyewe?" Fundi redio akaanza kuunyoosha ule waya. Mwalimu akanitazama kwa huruma anayowawekea watu wa mwaka 1858.

Ndipo nilipotambua kwamba hapa mjini ushauri wa kutogusa hauna heshima. Hauna sindano, hauna chupa, hauna hata kikaratasi cha rangi. Siku iliyofuata nikaja na sura nzito, nikaketi, nikasema nimerudi kwa daktari na sasa nimeandikiwa Valsalva, kutwa mara tatu.

Waya ukarudi mfukoni. Unyoya ukaenda zake. Mwalimu akasema jina hilo amewahi kulisoma, ni kali sana, tusimsumbue mgonjwa. Wakauliza famasi gani wanauza. Nikasema haipatikani Mwanza. Mama mkwe, kupitia spika, amesema hiyo ndiyo dawa yenyewe, na kwamba aliitaja tangu mwanzo.

Sikio linaendelea vizuri. Tatizo lililobaki ni kijana mmoja wa bodaboda mwenye shemeji Kampala, anayesema huko Valsalva imejaa madukani, tena ile halisi ya Kitaliano. Ananiletea kwa bei ya kirafiki. Anachoomba kwa sasa ni kianzio tu.